Picha ya Jikoni Ambayo Haikufika

Sitaki mtu anihurumie, na ukitaka kucheka ngoja nimalize, kwa sababu aibu hii ni yangu na mimi ndiye niko na haki ya kuieleza vile ilikuwa, si vile Mama Ndinda anaieleza kila siku ya soko pale Muthetheni akiongeza chumvi, ati nilipatikana naoga ndani ya nyumba ya mkwe wangu, ati nilitoka mbio na sabuni kichwani. Sikuoga. Sikuwa na sabuni. Yaliyobaki ni kweli, na ni mabaya kutosha bila yeye kuongeza.

Binti yangu Mwikali ameolewa na mtu wa Kithyoko, na wote wawili wako Kanada wanafanya kazi ya kutunza wazee. Huyo mume wake mimi namwita Baba Mumo, kwa jina la mtoto wao, kwa sababu jina alilopewa na mama yake halitoki mdomoni mwangu, mimi ni mama mkwe. Wakamba wenzangu wanajua. Kwa asiyejua nitaeleza mara moja tu: kuna kitu tunaita nthoni, ni haya na ni heshima kwa pamoja, na inasema mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani ovyo, hawaambiani mambo ya mwili, na chumba anacholala mkwe, mama mkwe hakanyagi, hata kichwa haingizi mlangoni. Vijana wamelegeza mambo hayo. Mimi sijalegeza.

Basi Baba Mumo alinunua shamba hapa karibu na kwangu akasema atajenga nyumba ya kudumu, na fundi nikamtafuta mimi. Nikaleta Kioko. Kioko ndiye alinipigia plasta nyumba yangu, haibi simiti, hanywi akiwa kazini, na nilisema hivyo kwa kinywa changu, watu wa pande zote mbili wakisikia. Lakini watu wa ng'ambo wameogopa sana. Umesikia habari zao, mtu anatuma pesa ya nyumba, anarudi anakuta kichaka na mbuzi wa jirani. Kwa hivyo Baba Mumo akatoa sheria: kila Jumamosi mimi nipige picha ya kila chumba, nizitume kwa grupu ya WhatsApp ambayo Mwikali aliita Mjengo, na humo ndani tulikuwa mimi, wao wawili, na kaka mkubwa wa Baba Mumo, Musyoka, mwalimu aliyestaafu, anakaa Matuu. Picha zikionyesha kuta zote zimefika juu, mbao na mabati yanakuja kabla ya mvua ya Novemba. Zikionyesha ujanja, Kioko anafunga vifaa vyake anaenda, jina lake limeharibika Mwala yote, na neno langu limeharibika pamoja naye.

Simu walinitumia wenyewe, ya kugusa. Kupiga picha nilijua upesi, unabonyeza lile duara jeupe. Kuandika ndiko kulinishinda, zile herufi ni ndogo na kidole changu kimoja kinabonyeza tatu kwa pamoja, kwa hivyo nilikuwa natuma picha bila neno lolote, na niliona inatosha, si picha inajieleza? (Haijielezi. Sasa najua.)

Sasa sikia kosa lilipoanzia. Nyumba ambayo haijaezekwa ni kitu cha kuchanganya. Kila chumba ni mawe pande nne na mbingu juu, huoni kitanda, huoni meza, huoni kitu cha kukuambia uko wapi. Jumamosi ya kwanza nilisimama katikati na simu yangu nikajiuliza, hawa watalala wapi, nijue pa kuepuka? Hapo ndipo ningemuuliza Kioko. Lakini nitamuulizaje mwanaume wa rika la mwanangu, vijana wake wa kuchanganya simiti wakisikiliza, "Niambie, mkwe wangu atalala wapi?" Nikaamua kutumia akili yangu.

Nikaona upande wa kulia kuna chumba kikubwa, na ndani yake, kwa pembe, kumejengwa kijumba kidogo chenye mlango wake. Nikasema hii ni jikoni, na hako kajumba ni stoo ya mahindi na maharagwe. Mtu ataweka nini kingine ndani ya kijumba kilicho ndani ya chumba? Halafu huko nyuma nikaona chumba kingine, dirisha pana linaangalia mashariki, kimya, mbali na barabara. Nikasema haya, huko ndiko kwao. Nikageuka. Tangu siku hiyo sikukanyaga huko nyuma, na hata kwa nje sikuzunguka upande ule, nisije nikachungulia dirishani kwa bahati mbaya. Nilipiga picha sebule, nikapiga vyumba vya watoto, nikapiga jikoni yangu vizuri pande zote, na ile ya nyuma nikaiacha. Nikasema moyoni, Baba Mumo ni mtu wa heshima, ataelewa kwa nini haipo, wala hataniuliza. Na kweli hakuniuliza! Nikafurahi kwamba binti yangu alipata mume mwenye adabu.

Jumamosi nyingine nafika nakuta moshi unatoka huko nyuma. Nikasimama mbali nikaita.

"Kioko! Nani anapika huko?"

"Ni vijana, mwaitu," akajibu (mwaitu ni mama, mafundi wote huniita hivyo). "Wanachemsha isyo, mahindi na maharagwe yao ya mchana."

"Huko ndani? Na hamna haya? Toeni hiyo sufuria sasa hivi."

"Sasa watapikia wapi?"

"Si hapa!" Nikamwonyesha kile chumba chenye stoo. "Chakula kinapikwa mahali pa chakula."

Kioko akaangalia chumba, akaniangalia mimi, akaangalia chumba tena. "Hapa, mwaitu? Una uhakika?"

"Mimi nilianza kupika kabla mama yako hajaolewa. Wewe ndiye utanifundisha jikoni?"

"Hapana, mwaitu. Kama wenyewe wamebadilisha, ni sawa."

Hilo neno la kubadilisha nililisikia, nikaliacha lipite, nikasema mafundi wana maneno yao. Mawe matatu yakahamishwa, moto ukawashwa, na kutoka hapo kila Jumamosi nikifika napewa sahani yangu ya isyo, nakaa juu ya debe katika ile jikoni nzuri ya binti yangu, nakula nikitazama ukuta ukiwa mweusi kwa moshi kama jikoni inavyotakiwa kuwa. Siku moja jua lilikuwa kali, nikatandika leso juu ya mchanga uliokuwa umemwagwa hapo ndani, nikajilaza kidogo, nikamwambia kijana mmoja nipige hivi, binti yangu aone mama yake anavyopumzika kwake. Nimeegemea kiwiko, miguu nimenyoosha, viatu nimevua. Ikaenda kwenye grupu. Kimya. Hakuna aliyejibu, hata kale kadole gumba ka kusema sawa hakakuja. Nikadhani labda huko kwao ni usiku.

Halafu ujumbe ukaanza. Baba Mumo akaandika, "Mwaitu habari, tunaomba kuona jikoni." Nikamtumia. Kesho yake, "Asante mwaitu. Na jikoni je?" Nikashangaa, nikatuma tena, nikaongeza na stoo. Akaandika, "Tumeona mwaitu. Lakini jikoni bado." Mimi nikachanganyikiwa kabisa. Nikasema labda hii simu inabadilisha picha zikiwa njiani. Nikaenda nikapiga ile sufuria yenyewe kwa karibu, mpaka maharagwe yanahesabika, nikatuma. Akajibu, "Mwaitu, Mungu akubariki, lakini jikoni?" Sasa mtu akiona sufuria juu ya moto bado anauliza jikoni iko wapi, wewe utamjibu nini? Nikaanza kuogopa kwamba baridi ya Kanada imeingia kichwani mwa mkwe wangu, na nikamwombea.

Mwikali akapiga simu.

"Mwaitu, jikoni umeingia kweli?"

"Nimeingia, nimekaa, nimekula, hata nimelala."

"Sasa mbona hatuioni?"

"Hilo niulize mimi! Mbona hamwoni?"

"Kioko ndiye anakuonyesha vyumba?"

"Anionyeshe kwani mimi ni kipofu?"

"Sawa mwaitu. Baba Mumo anasema kuna kitu kinafichwa hapo. Mabati hayatakuja mpaka kijulikane."

Simu ikakatika nikabaki nimeishika. Kitu kinafichwa? Na nani? Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kule juu ya vilima, kuta ziko uchi, na watu wanaogopa jikoni ambayo mimi nakula ndani yake kila wiki. (Baadaye ndipo niliambiwa kwamba huko walikuwa wameshaamua: Kioko amekula mawe ya jikoni, hajaijenga kabisa, na ananizungusha mimi mzee ndani ya chumba kimoja akiniambia ndiyo jikoni.)

Nikasema hii nitaimaliza kwa njia yangu. Jumamosi iliyofuata jumuiya ya kanisa ilikuwa ni zamu yangu, wamama waje kwangu tusali. Nikawaambia leo hatusalii kwangu, tunaenda kwa binti yangu kuombea jikoni yake, na picha ya wamama wote wakiwa ndani yake nitatuma, mtu aseme tena haioni! Wakaja na maandazi, wakaja na maziwa. Tukawasha moto, tukaweka chai, kitambaa changu cha kichwa nikakitundika kwenye waya uliotoka ukutani, Mama Ndinda akakalia debe langu, wengine mbao, tukaimba. Nyumba isiyo na paa inatoa sauti vizuri, ilisikika mpaka barabarani. Nikajisikia mtu.

Tukiwa katikati ya wimbo nikaona wamama walioelekea mlangoni wananyamaza mmoja mmoja. Nikageuka. Musyoka amesimama pale mlangoni, mkono mmoja ramani ya nyumba imekunjwa kama bomba, mkono mwingine simu ameielekeza kwetu, na ndani ya simu naona uso wa Baba Mumo, mdogo, umekodoa macho.

"Kioko yuko wapi?" Bila salamu. Na huyu ni mtu ambaye salamu yake peke yake ni ndefu, unaweza kuchambua mboga kabla haijaisha.

Kioko akaja na mwiko mkononi, simiti inadondoka.

"Funga vifaa vyako. Ndugu yangu amesema kazi imeisha leo."

Mimi nikasimama.

"Amekosa nini?"

Musyoka hakuniangalia, maana kwangu mimi naye ni mkwe. Aliangalia juu, pale ambapo paa lilitakiwa kuwa. "Mama, tunaomba utuonyeshe jikoni."

"Si hii umesimama mlangoni pake!"

"Anasema wapi?" ikauliza simu.

"Anasema hapa," Musyoka akaijibu, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za msiba.

Wamama wakanisaidia. "Ni hii, mwalimu," Mama Ndinda akasema, mdomo una andazi. "Na stoo ile pale. Imekaa vizuri, gunia zitaingia mingi."

Musyoka akafungua ramani, akaitazama, akatazama kile kijumba, akakunja ramani. "Mama, ile si stoo."

"Ni nini basi?"

Mwalimu mzima, amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, neno lenyewe limemshinda. Akamwangalia Kioko. Kioko akaangalia viatu vyake.

"Sema, Kioko," nikamwambia. "Sema mbele ya hawa wamama wote."

"Ni choo, mwaitu. Choo na bafu. Ya wenyewe. Mtu anaingia akitoka kitandani."

"Kitanda gani?"

"Hicho kitakachowekwa hapo umeweka sufuria."

Wamama walinyanyuka wote pamoja kama watu waliokalia siafu. "Aiya!" Mama Ndinda akamwaga chai. Mmoja akafunika uso na leso, mwingine akaanza kutubu kwa sauti. Na mimi nimesimama palepale nikiwaza jambo moja tu: choo? Ndani? Mtu mwenye akili yake analalaje na choo? Halafu la pili likaja, zito kama jiwe la msingi. Chumba cha mkwe wangu. Nimekula hapo. Nimewasha moto hapo. Nimelala hapo, miguu nimenyoosha, nikajituma kwa picha! Na leo nimemletea wamama wa jumuiya nzima, na yeye mwenyewe anatutazama kutoka Kanada.

Nilitaka kutoka. Mlangoni amesimama Musyoka na ile simu. Kumpita nimguse bega? Siwezi. Kuendelea kusimama hapo? Siwezi. Kukabaki dirisha. Wenzangu, mimi ni nyanya ya watu, magoti yangu yanalia hata kwa ngazi ya kanisa, lakini nilipanda lile dirisha. Mguu mmoja ukapita, sketi ikakamatwa na waya, nikawa nusu ndani nusu nje, na nikasikia ile simu inauliza, "Mwaitu ameenda wapi?" na Musyoka, kwa uaminifu wa mwalimu, anajibu, "Yuko dirishani." Nikavuta. Sketi ikatoa sauti. Nikaanguka nje juu ya kokoto, na hapo nikakaa, mgongo ukutani, nikaomba mvua ya Novemba inyeshe yote juu yangu.

Badala ya mvua nikasikia chuma kikigongana na chuma. Kioko alikuwa anafunga vifaa. Pima maji, nyundo, kamba, anatupia moja moja kwenye gunia, polepole, kama mtu anayengoja aitwe na haitwi. Na ndani Musyoka anasema, "Huyu alikuwa anamzungusha mama, ndugu yangu. Amemfanya mjinga." Nikajua nikikaa kimya nimepona. Wote wataamini ni Kioko alinidanganya, mimi ni mzee tu aliyeonewa, na hata lile la kulala hapo litasahauliwa. Kioko ataenda, wala hatanitaja, kwa sababu ni mtoto wa adabu. Kusema maana yake ni kumtajia mkwe wangu, kwa sauti, wamama wakisikia, habari ya chumba chake cha kulala.

Nikasema. Sikuinuka, niliongea na ukuta.

"Baba Mumo! Unanisikia?"

"Nakusikia mwaitu."

"Kioko hajakosa. Hakunionyesha chumba chochote, mimi ndiye nilimwamrisha. Jikoni imejengwa, iko nyuma. Mimi ndiye nilikataa kuipiga picha."

"Ulikataa kwa nini, mwaitu?"

Mungu wangu. "Kwa sababu nilidhani ndiko mtalala."

Simu ikatoa kitu kama kikohozi, kikawa kirefu, na nikasikia Mwikali nyuma yake anapiga kelele za kucheka, na Musyoka naye akaegemea mlango, na wamama ndio usiseme, walioanguka walianguka. Kioko peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na gunia.

"Kioko," Baba Mumo akasema alipopata pumzi, "na wewe mbona hukusema?"

"Nilidhani mmebadilisha ramani. Na mwaitu aliniuliza kama nataka kumfundisha jikoni."

"Ungemjibu nini," Baba Mumo akasema. "Hata mimi niliona ile picha amelala, nikazima simu nikaenda kazini. Rudisha vifaa vyako, bwana. Nisamehe."

Nikaamka kwa kokoto, nimeshika sketi kwa nyuma na mkono mmoja, nikazunguka nyumba mpaka upande ule niliokuwa nauepuka. Nikaingia. Ilikuwa jikoni nzuri kweli, nafasi ya jiko, nafasi ya sinki, na kwenye kona alama nyeusi kidogo ya moto wa vijana niliowafukuza. Nikabonyeza duara jeupe. Picha ikaenda imepinda, na kidole changu kiko ndani yake, lakini ilipokelewa. Wiki hiyohiyo lori la mabati likaja, na Kioko alimaliza kupigilia mvua ikianza kudondoka.

Tangu hapo kazi ya picha nimeiacha, anapiga Kioko mwenyewe. Nimeapa sitaingia tena nyumba ya mtu ikiwa haijawekwa vitanda, na nitauliza, hata kama swali lenyewe linanichoma ulimi nitauliza, kwa sababu aibu ya kuuliza huwa ni ya watu wawili na hii nyingine imekuwa ya soko zima. Juzi Kioko alituma kwenye grupu chumba cha wenyewe, masizi yamekwanguliwa na rangi imepakwa. Mwikali anasema nifungue nione, ni nzuri sana. Iko hapo kwenye simu bado ina ule ukungu wa picha ambayo mtu hajaigusa. Sijaifungua, na sitaifungua. Hicho chumba nakijua kuliko inavyonipasa.